Ngozi Iliyolegea na Fidla Iliyokazwa

REHEMA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu, kwenye kipindi chetu cha banjo na fidla za muziki wa zamani wa milima ya Appalachia. Kaka Baraka, kabla hujasema neno, sikia hii. [anapiga nyuzi za banjo]

BARAKA: Imekosa pumzi kabisa. Ya ngozi hiyo?

REHEMA: Ngozi ya ndama. Nimeletewa Jumanne niiweke sawa, na mvua ya wiki hii hapa Roanoke, Virginia, ikaimaliza. Ngozi imelegea, daraja limezama, nyuzi zinakwaruza freti za juu, vile vyuma vinavyovuka shingo. Nimekuwa nayo mpaka jana usiku.

BARAKA: Kwa hiyo una mengi ya kusema. Lakini leo tumeahidi masomo matatu, dada. La kwanza, mkono wa kulia wa klohama, ule upigaji wa banjo kwa ukucha unaoshuka. La pili, jinsi ya kusikia sehemu mbili za wimbo. La tatu, jinsi ya kuingia kwenye kikao cha watu wanaopiga pamoja bila kuwavuruga. Sasa banjo yangu iko hapa mapajani. Kila ukitoka nje ya somo nitapiga uzi wa tano. Hivi. [ting!]

REHEMA: Piga tu. Dakika tano za ngozi, kisha tunaanza.

BARAKA: Tano.

REHEMA: Ngozi hunywa unyevu wa hewani. Ikinywa inatanuka, na ikitanuka daraja linashuka, kwa sababu daraja la banjo halikugundishwa popote. Limesimama juu ya ngozi, limekandamizwa na nyuzi, basi. Daraja likishuka, nyuzi zinaisogelea shingo. Mtu anaona hivyo anadhani shingo imepinda, anaanza kuihangaisha. Aiache shingo! Abonyeze ngozi kwa kidole gumba karibu na daraja. Ikibonyea kirahisi, ugonjwa uko pale.

BARAKA: Kule nyumbani mpiga ngoma angeisogeza motoni.

REHEMA: Na wapigaji wa zamani wa milima hii walifanya hivyohivyo, banjo inaota joto la jiko la kuni kabla ya dansi. Ngozi ni ngozi. Lakini moto ni dawa ya saa moja. Ukitaka ikae, unakaza nati. Banjo nyingine zina kulabu 16, nyingine 24, zimezunguka duara lote. Kila kulabu imeishika bangili ya chuma inayoivuta ngozi chini, na mkiani mwake kuna nati. Tafuta spana inayoenea sawasawa, maana ikipwaya inakula kona za nati. Zungusha nati moja robo mzunguko, usizidishe. Kisha usiende kwa jirani yake. Vuka duara, uende kwa ile inayoitazama. Kisha rudi huku, pembeni kidogo, vuka tena. Ukizimaliza zote, acha ngozi itulie, bonyeza tena, ndipo uamue kama inataka mzunguko wa pili.

BARAKA: Na mtu akianza tu na kuzunguka kama saa?

REHEMA: Bangili inalala upande mmoja. Upande ule ngozi imevutwa sana, huku imelegea, na sauti inakuwa na mtetemo usioisha. Akiendelea kukaza ataipinda bangili yenyewe. Kosa la pili ni baya zaidi: kukaza sana siku ya mvua. Leo unafurahi. Wiki ijayo hewa inakauka, au baridi imeingia na hita zinawaka nyumbani, ngozi inajikunja yenyewe, na haina nafasi tena. Inapasuka usiku, hakuna aliyeigusa. Siku ya mvua kaza pungufu ya unavyotamani.

BARAKA: [ting!]

REHEMA: Bado. Ngozi ikipasuka utaweka mpya, na hapo watu wanaharibu. Unailoweka maji ya baridi nusu saa hivi, mpaka iwe laini kote. Maji ya moto yanaiua. Unaifunga kwenye pete ya ndani, unashusha bangili, unavuta pembe za ngozi kwa mkono mpaka mikunjo iishe. Bangili iache juu ya ukingo kama milimita sita, kwa sababu ikikauka itashuka. Kausha kivulini siku nzima au zaidi. Usikaze ikiwa mbichi. Ziada ikate kwa kisu baada ya kukauka, kamwe si kabla, kwa sababu ngozi mbichi bado inateleza.

BARAKA: Au nunua ya plastiki, ambayo imekuwapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, haijali mvua.

REHEMA: Haijali mvua na inalia kwa ukali. Kwa pigo la zamani nataka mlio mfupi na mzito, unaokufa upesi. Wenye plastiki wanaishia kuweka soksi au kitambaa nyuma ya daraja ili waupate. Na kama hujui, milimani walitumia ngozi waliyoipata. Frank Proffitt wa Reese, North Carolina, alitengeneza banjo za mbao tupu, zenye kitundu kidogo cha duara katikati kilichowambwa ngozi. Kwa banjo za namna hiyo ngozi iliyosifiwa ilikuwa ya groundhog, mnyama wa jamii ya kindi anayechimba mashimo mashambani. Ni nyembamba na ngumu.

BARAKA: [ting!] Dakika kumi na moja, dada Rehema.

REHEMA: Daraja tu, namaliza. Ngozi ikisogea, daraja linataka kupimwa upya. Pima kutoka ncha ya shingo kule kichwani, zinapoanzia nyuzi, hadi freti ya 12. Umbali huohuo ndio uwe kutoka freti ya 12 hadi daraja. Kisha hakikisha kwa sikio. Gusa uzi wa kwanza juu ya freti ya 12 bila kubonyeza, usikie ile sauti ya filimbi. Sasa bonyeza palepale upige. Ya kubonyeza ikiwa juu, sogeza daraja kuelekea mkiani. Ikiwa chini, lisogeze kuelekea shingoni. Kwa upana wa ukucha, si zaidi. Basi.

BARAKA: Asante. Somo la kwanza, mkono wa kulia. [ting!]

REHEMA: Mbona unapiga? Sijatoka nje.

BARAKA: Nilikuwa nauonyesha. Ndio tunaoanza nao.

REHEMA: Basi huo uzi wako uko chini ya noti ya G.

BARAKA: Uko kwenye G.

REHEMA: Uko chini, na pegi yake, kile kigingi cha kukazia uzi, inateleza. Tangu umeanza kuupiga umekuwa ukishuka. Geuza banjo. Pegi ya uzi wa tano iko ubavuni mwa shingo, kwenye freti ya 5. Ina skrubu ndogo nyuma?

BARAKA: Inayo.

REHEMA: Hiyo ni ya msuguano, haina gia. Ikaze skrubu kidogo, igeuze pegi, uone kama inashika. Ukikaza sana utashindwa kutyuni kwa upole, itaruka ruka. Pegi ya gia ni bora, lakini kabla ya kununua pima kipenyo cha tundu, maana shimo la shingo si la saizi moja kwa banjo zote. Na huo uzi ndio moyo wa jambo zima, kaka. Anza hapo, usianze na mkono.

BARAKA: Tumeshatoka nje tena, na kosa ni langu au lako?

REHEMA: Ni la uzi. Sikiliza. Nyuzi nne zinaanzia kichwani, huu wa tano unaanzia njiani. Urefu wake ni robo tatu ya wenzake. Ni mwembamba sawa na uzi wa kwanza, sehemu kumi za elfu za inchi kwa wengi wetu, yaani .010. Haubonyezwi kabisa katika upigaji wa kawaida. Gumba ndilo linaloupiga, na haliupigi kwenye mdundo, linaupiga baina ya midundo. Ukucha wa kidole cha shahada unashuka kwenye uzi wa wimbo: moja. Mkono unashuka tena kufagia nyuzi za juu: mbili. Gumba lilikuwa limekaa tayari juu ya uzi wa tano tangu mkono uliposhuka, mkono ukiinuka linauachia: "na". Moja, mbili-na. Moja, mbili-na.

BARAKA: Na anayeanza anakosea wapi?

REHEMA: Gumba linaelea hewani. Halitui. Likiwa hewani linachelewa, na pigo linalegalega. Lazima gumba litue kila mkono unaposhuka, hata pale usipotaka kuupiga uzi wa tano. Na vidole visifunguke na kufumba. Mkono unabaki umejikunja umbo moja, kiwiko na kifundo ndivyo vinavyofanya kazi. Watu wanaparua kwa vidole, wanachoka baada ya dakika mbili.

BARAKA: Hilo ndilo lilikuwa somo la kwanza! Umelipitia kwa kasi.

REHEMA: Sijalifundisha, nimelitaja. Maana nataka kusema ulikotoka huu uzi. Wajola wa Senegambia wana ekonting: kibuyu, ngozi, mpini mrefu, nyuzi tatu, mmoja mfupi wa gumba. Na ukucha wa shahada unashuka, gumba linafuata. Daniel Laemouahuma Jatta wa Gambia ndiye aliyewafungua macho watafiti wa banjo kuhusu hilo. Ukimtazama mpiga ekonting kisha umtazame mpiga banjo wa kaunti ya Surry, North Carolina, mkono ni ule ule.

BARAKA: Kuna wanaosema uzi wa tano aliubuni Joel Sweeney wa Virginia.

REHEMA: Sweeney alizaliwa mwaka 1810. Kuna mchoro wa rangi za maji wa South Carolina, wa mwishoni mwa karne ya 18, unaowaonyesha watumwa wakicheza na mmoja wao amekamata banjo ya kibuyu. Uzi mfupi unaonekana. Mchoro ule ulikuwapo kabla Sweeney hajazaliwa. Na naomba tuwe wakweli: hii ni Afrika Magharibi. Si zeze la kwetu, si pwani yetu. Watu wetu wengine wanapenda kuichukua sifa hiyo, lakini ukoo wake uko Senegambia na majirani zake.

BARAKA: Nakubali. Na niongeze. Ukitaja milima ya Appalachia watu wanapiga picha ya mzungu barazani. Joe Thompson, aliyeishi karibu na Mebane, North Carolina, alizaliwa 1918 akafariki 2012, mtu mweusi, fidla. Binamu yake Odell, banjo. Walipigia dansi muziki waliorithi kwa wazazi wao. Mebane si mlimani, ni uwanda wa Piedmont, lakini muziki ni ndugu. Mwaka 2005 wapigaji banjo weusi walikutana Boone, North Carolina, na baada ya pale vijana watatu, Rhiannon Giddens, Dom Flemons na Justin Robinson, wakawa wanakwenda kwa mzee Joe kujifunza. Wakaunda bendi ya Carolina Chocolate Drops.

REHEMA: Na Dock Boggs, mchimba makaa na mpiga banjo wa Norton, Virginia, mzungu, alisema waziwazi kwamba wapigaji weusi ndio waliomwonyesha njia. Alirekodi 1927.

BARAKA: Mwaka uleule wa zile rekodi maarufu za Bristol. Lakini turudi, maana nimeanza kukufuata. Kwa nini huo uzi wa tano unabadilishwa kila mara?

REHEMA: Kwa sababu hausimami kimya. Unavuma wimbo mzima, kwa hiyo usipokubaliana na kii, yaani noti ambayo wimbo umejengwa juu yake, unauma masikio wimbo mzima. Wimbo wa G: gDGBD, kutoka uzi wa tano kwenda wa kwanza. Wimbo wa A: ile ile, kapo (kibano cha kubana nyuzi shingoni) freti ya 2, uzi wa tano unapanda kuwa a. Wimbo wa D: unaanza na gCGCD, kapo ya 2, na wa tano unapanda a. Nyimbo za huzuni, zile zisizo za skeli kubwa (major) wala ndogo (minor), gDGCD.

BARAKA: Na kupandisha g hadi a kwa pegi?

REHEMA: Inawezekana, ni toni moja, lakini uzi wa .010 uko karibu na mwisho wake. Ukiuzidisha mpaka b utakatika. Dawa ni misumari midogo ya reli za treni za kuchezea. Inapigiliwa kwenye ubao wa shingo, kwenye freti ya 7 na ya 9, kichwa chake kimeelekea ndani. Unachomeka uzi chini ya msumari wa 7, umepata a. Wa 9, umepata b. Toboa kwanza kwa drili nyembamba kuliko msumari, usigongee mbao bila tundu, itapasuka. Na msumari ukae nyuma kidogo ya freti, uzi usipandishwe zaidi ya inavyotakiwa.

BARAKA: Banjo isiyo na freti?

REHEMA: Hapo kapo haina kazi nzuri, unatyuni nyuzi zenyewe. Fred Cockerham alipiga banjo isiyo na freti, na Kyle Creed, fundi wa ujenzi na mtengeneza banjo, alizifunika shingo za namna hiyo kwa formica, ile ya meza za jikoni, ili kidole kiteleze na mlio uwe mkali.

BARAKA: Hao wote wa Round Peak, kulekule kaunti ya Surry. Na aliyekuwa akikaa na fidla katikati yao ni Tommy Jarrell. Alizaliwa 1901, akaishi Toast, karibu na Mount Airy, maisha yake ya kazi akiendesha mashine ya kusawazisha barabara. Alipostaafu vijana wa nchi nzima wakawa wanabisha hodi kwake. Na jambo la kwanza walilogundua ni kwamba fidla yake haikuwa imetyuniwa kama zao.

REHEMA: Nipe hiyo banjo.

BARAKA: Ya nini?

REHEMA: Sasa umetoka wewe. [ting!] Somo la kwanza, kaka.

BARAKA: Hapana, hili lina uzito. Fidla ya kawaida ni GDAE, kutoka uzi mnene hadi mwembamba. Jarrell akipiga wimbo wa A, ni AEAE. Wimbo wa D, ADAE. Kuna wimbo mmoja wa kale wa maandamano unaopigwa DDAD, uzi mnene umeshushwa mpaka unatikisika, na upinde lazima uupapase tu. Wengine wanaita mapambo. Si mapambo. Kwenye AEAE, ukipiga A ya juu, uzi wa A wa chini unaitikia bila kuguswa. Upinde ukigusa nyuzi mbili, ule wa pili tayari uko kwenye kii. Fidla inakuwa na uzi wake wa tano, ukipenda.

REHEMA: [ting!] Huo umeuita mwenyewe.

BARAKA: Na vidole. Muundo wa vidole kwenye nyuzi mbili nene ni sawasawa na kwenye mbili nyembamba. Sehemu ya juu ya wimbo wanaiita laini, ya chini wanaiita nzito, na mara nyingi wimbo mmoja unazunguka sehemu zote mbili. Ukijifunza vidole vya moja, nusu ya kazi ya nyingine imekwisha. Ndiyo maana nawaambia wanaoanza: siku ya kwanza, tyuni AEAE.

REHEMA: Hapo ndipo nisipokubaliana nawe, na nilitaka tulifikie somo la tatu. Anayeanza akae GDAE miezi sita.

BARAKA: Miezi sita!

REHEMA: Kwanza eleza jinsi ya kwenda AEAE, halafu utaona sababu yangu.

BARAKA: Rahisi. Anza na D kuipandisha E. Linganisha na E nyembamba, ni oktavu, yaani noti ileile ya juu na ya chini. Ikifika utasikia zile nyuzi mbili zinatulia pamoja, mtikisiko unaisha. Kisha G kuipandisha A, linganisha na A. Panda kidogo kidogo, ukibadilishana kati ya zote mbili, maana ukipandisha moja nyingine zinashuka.

REHEMA: Na daraja?

BARAKA: Linavutwa kuelekea shingoni. Kila baada ya kutyuni, litazame kutoka ubavuni. Uso unaotazama mkiani usimame wima juu ya ubao. Likiinama, lishike kwa vidole vya mikono miwili, juu kabisa, ulirudishe taratibu. Likiachwa linapinda, na siku moja linaanguka kwa kishindo, na kile kijiti cha ndani kinachoshikilia sauti kinaweza kuanguka nacho. Hicho hakirudishwi nyumbani, ni kazi ya fundi.

REHEMA: Umesikia ulichosema? Daraja, kijiti, fundi. Huyu ni mtu wa siku ya kwanza. Hana sikio la kusikia oktavu ikitulia. Uzi ukipanda toni nzima mvutano unaongezeka zaidi ya robo, na nyuzi mbili zimepanda. Pegi za mbao bado zinamshinda. Atakuwa anatyuni nusu saa na kupiga dakika kumi, tena kwa sauti iliyopotoka, na sikio litazoea upotofu. GDAE ana tyuna ya kubana kichwani, kile kifaa kinachoonyesha noti, anasoma herufi, anaanza kazi.

BARAKA: Tyuna inasoma A na E vilevile. Na kama anaogopa kupandisha, ashushe. GDGD. Shusha A iwe G, E iwe D. Vidole ni vile vile vya AEAE, toni moja chini, hakuna uzi unaobeba mzigo. Na mpiga banjo hahitaji kapo, anabaki gDGBD. Wapiga fidla wengi wa muziki wa Kiarabu hutyuni GDGD. Msikilizaji wetu aliyekulia kwenye taarabu na muziki wa Misri sauti hiyo si ngeni kwake.

REHEMA: GDGD ni nzuri nyumbani. Kwenye kikao watu wako A. Anabaki peke yake toni moja chini.

BARAKA: Siku ya kwanza hayuko kwenye kikao!

REHEMA: Ndiyo sababu asijifunze kwa namna ambayo haitamfikisha kikaoni. Na vidole unavyovisifu ndivyo gereza lake. Kwenye AEAE kidole cha nne kinalala. Likija D, likija C, hajui skeli inavukaje kutoka uzi hadi uzi. Nawajua wengi wanaopiga nyimbo za A vizuri kabisa na kikao kikihamia kii nyingine wanaweka fidla kwenye kasha.

BARAKA: Na mimi nawajua waliokaa GDAE mwaka mzima, upinde wao unajua uzi mmoja mmoja tu. Wimbo ni safi, hauna mwili. Wanajaribu baadaye kuongeza uzi wa kuvuma, mkono wa kulia unakataa, kwa sababu kiwiko kimeshazoea kuukwepa uzi wa jirani. Kukwepa ni tabia, dada Rehema. Ukiifunza mwanzoni inakaa.

REHEMA: Upinde unafunzwa GDAE pia. Wimbo wa A, uvumishe E na A nyembamba. Wimbo wa D, vumisha D na A. Zipo pale.

BARAKA: Zipo juu. Chini hakuna kitu. G ikiguswa kwenye wimbo wa A inauma. Mwanafunzi anajifunza kuuogopa uzi mnene, na nusu ya muziki wa Jarrell iko kwenye uzi mnene.

REHEMA: Nusu ni nyingi.

BARAKA: Si nyingi. Sikiliza rekodi zake uhesabu.

REHEMA: Nimezisikiliza. Jarrell alikuwa na sikio tangu utotoni, baba yake Ben alipiga fidla na kurekodi 1927, nyumba nzima ilikuwa inavuma. Aliyeanza jana Mwanza au Doha kwa kutazama simu hana nyumba hiyo. Huwezi kumpa njia ya Jarrell bila kumpa masikio ya Jarrell.

BARAKA: Masikio yanatengenezwa na mvumo. Fidla yenyewe ikivuma ndiyo nyumba. Akikosea noti mvumo unamwambia palepale. Kwenye GDAE ya uzi mmoja nani anamwambia?

REHEMA: Tyuna.

BARAKA: Tyuna inamwambia uzi mtupu. Haimwambii kidole.

REHEMA: Basi hatufiki.

BARAKA: Hatufiki, na mimi siondoki hapa nikisema miezi sita ya GDAE ni sawa.

REHEMA: Wala mimi sisemi AEAE ya siku ya kwanza. Tuna dakika ngapi?

BARAKA: Nne.

REHEMA: Sehemu mbili za wimbo, haraka: sehemu ya kwanza, A, mara mbili, ya pili, B, mara mbili, kila moja mipigo minane...

BARAKA: Baa nane, yaani vifungu vya midundo, si mipigo. Lakini nyingi za Kentucky na za Round Peak zina mdundo wa ziada au uliopungua, na ukisema nane bila kulieleza hilo wataenda kikaoni wakakatiza wenzao. Inahitaji mifano ya kupiga.

REHEMA: Basi somo hilo halifai dakika nne. La kikao nalo tuliache. Nitoe moja tu la kikao: msiombe kubadili kii baada ya wimbo mmoja. Kikao kikiwa A kinakaa A muda mrefu, hata saa nzima, kwa sababu wapiga banjo wameshachomeka uzi wa tano na wapiga fidla wameshatyuni.

BARAKA: Wameshatyuni AEAE. Umenisaidia.

REHEMA: Wengine. Si wanaoanza.

BARAKA: Dakika mbili. Kuna swali limekuja la aliyebaki na fidla AEAE usiku kucha, anauliza kama itaharibika.

REHEMA: Mjibu, hilo ni lako.

BARAKA: Usiku mmoja, hapana, kama daraja limesimama wima. Nyuzi za chuma ndizo zinazovumilia kupanda na kushuka. Za moyo wa nailoni zinachukua siku nzima kutulia, zinakutesa. Ukirudi GDAE, shusha G kupita kidogo chini ya G, kisha ipandishe ifike. Ukiishusha moja kwa moja itaendelea kupanda yenyewe ukiwa katikati ya wimbo. Fanya hivyo na D. Kisha tazama daraja tena, maana sasa linaweza kuwa limeegemea mkiani. Na ukiwa na fidla mbili, moja ibaki AEAE daima, iondoe hoja nzima.

REHEMA: Anayeanza hana fidla mbili.

BARAKA: Tumeishiwa muda.